Uzi maalum kwa waliopanga vyumba vya ndani: antena ya king'amuzi ikamate bila kupanda juu ya bati

fundi_wa_uswazi (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni. Nimeona niulete huu uzi maana kila mechi kubwa ikikaribia napigiwa simu za aina ile ile, mtu kapanga chumba cha chini au cha kati, mwenye nyumba hataki kusikia habari za kutoboa ukuta wala mtu kupanda kwenye bati lake, kanunua king'amuzi cha antena, akiwasha chaneli tatu zinaonyesha zingine picha inavunjika vipande vipande na sauti inalia kwikwi, anaenda dukani anauziwa busta (kile kifaa cha kukuza mawimbi), anarudi nayo, hali ni ile ile au imezidi kuwa mbaya. Hela imeshaenda. Kwa kweli inaniuma, kwa sababu nyumba nyingi ninazoitwa tatizo linaisha kwa kusogeza antena shubiri moja tu.

Naomba tuelewane hapa mwanzo kabisa, ukiwa ndani ya nyumba kinachoamua ni MAHALI antena ilipo, sio ukubwa wake wala bei yake. Antena ya bei rahisi iliyokaa penye tundu ambalo mawimbi yanaingilia inaishinda antena ya bei kubwa iliyofichwa nyuma ya tivii.

Kwanini iko hivo. Wale wa zamani mnakumbuka kabla mitambo ya analojia haijazimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, mawimbi yakiwa dhaifu ulikuwa unaona chenga, ukizungusha antena chenga zinapungua unajua hapa nakaribia. Dijitali haina huo utaratibu. Mawimbi yakitosha picha ni safi kabisa, yakipungua kidogo tu chini ya kiwango picha inaganda, yakipungua tena kidogo ni giza. Kwaiyo mtu anaona giza anadhani hakuna mawimbi kabisa chumbani wakati pengine amebakiza padogo sana afike.

Alafu kuna suala la masafa. Hizi antena zetu zinafanya kazi UHF, kati ya megahezi 470 na 694. Ukichukua megahezi 600 wimbi moja lina urefu wa kama sentimita 50. Wimbi likiingia chumbani linagonga ukuta, kabati, friji, linarudi, linakutana na lingine linaloingia, kuna sehemu yanasaidiana na kuna sehemu yanauana. Toka sehemu nzuri hadi inayofuata ni kama sentimita 25, na katikati yake ndio kuna sehemu iliyokufa. Maana yake ukisogeza antena nusu shubiri tu unaweza kutoka kwenye giza ukaingia kwenye picha safi. Mtu anaiweka juu ya kabati, haikamati, anahitimisha chumba hakina mawimbi. Hapana, hiyo ni sehemu moja tu ya chumba.

Vinavyozuia kweli kweli ni bati, zege lenye nondo, mlango wa chuma, vioo vyenye tinti ya metali, wavu wa mbu wa chuma, na dari ambayo juu yake wametandika ile karatasi ya foili ya kuzuia joto. Vinavyopitisha vizuri ni mbao, jipsamu tupu, kioo cha kawaida, pazia, wavu wa mbu wa nailoni. Tofali linapunguza lakini haliui. Kwaiyo kabla hujagusa chochote simama katikati ya chumba uangalie, wapi hapana bati wala zege? Dirisha, tundu la hewa juu ya mlango, ile nafasi kati ya ukuta na paa. Hapo ndio pa kuanzia.

Namna ya kutafuta: ingia menyu ya king'amuzi, nenda kwenye kutafuta chaneli kwa mkono, usichague ile ya kujitafutia yenyewe. Chagua masafa, kabla hujabonyeza kuskani utaona mistari miwili, mmoja wa nguvu na mwingine wa ubora. Wewe macho yako yawe kwenye UBORA. Nguvu inaweza kuwa 80 na picha haipo, kwa sababu nguvu inahesabu mpaka makelele. Shika antena, isogeze kidogo, iache, toa mkono na usogee pembeni maana mwili wa mtu nao ni maji unabadilisha mawimbi, subiri sekunde kama kumi kwa vile kipimo kinachelewa, ndio usome. Wengi wanaharibu hapa, wanaizungusha haraka haraka kipimo hakijafika, wanapita sehemu nzuri bila kujua. Kama tivii iko mbali na dirisha mpigie mwenzako video ya simu akuonyeshe kioo.

Na usipime kwa chaneli inayokamata vizuri. Chaneli zinakuja kwa makundi, kundi moja masafa yake, kundi lingine masafa mengine, ndio maana utaona zinapotea nyingi kwa mpigo. Tafuta lile kundi baya kuliko yote, ulitengeneze hilo, alafu rudi uhakikishe mengine hayajaharibika.

Karibuni na maswali, mtaje mnaishi jengo la aina gani.

mama_wawili

Asante sana mkuu kwa uzi, umenigusa. Mimi nipo Magomeni, chumba na sebule nyumba ya chini, dirisha ni moja na linatazama ukuta wa jirani, katikati kuna kichochoro cha kupita mtu mmoja tu. Mlango unatokea kwenye korido. Antena yangu ni ile ya ndani yenye masikio mawili ya kuvuta na duara katikati, nimeyavuta masikio mpaka mwisho nimeielekeza dirishani napata TBC na chache, zingine hola. Watoto wanataka katuni. Nifanyeje?

fundi_wa_uswazi

Dada mama_wawili pole. Anza na hayo masikio. Yakivutwa mpaka mwisho yanafaa masafa ya VHF, ya chaneli za zamani. Kwa UHF yafupishe, kila sikio libaki kama sentimita 12 hadi 15, alafu yafungue yalale yanyooke upande huu na huu. Najua inashangaza maana kila mtu anaamini refu ndio linavuta zaidi, lakini sikio linatakiwa liendane na wimbi.

La pili, tazama antena za nje za majirani wenye mabati ya juu. Vile vijiti vyake vimelala au vimesimama? Ya kwako ifanye vivyo hivyo. Pia zimeelekea wapi? Huko ndiko mnara uliko.

La tatu, kwa dirisha lako hilo mawimbi ya moja kwa moja hayafiki, yanayofika ni yale yaliyogonga ukuta wa jirani au yaliyoshuka kwenye kichochoro kutoka juu. Kwaiyo usiielekeze tu kule uliko mnara, jaribu na upande wa kinyume. Na ipandishe. Juu kabisa ya dirisha, karibu na linta, pale ndipo kichochoro kinaonekana mbingu. Vile vile jaribu tundu la hewa juu ya mlango wa korido, korido nyingi za nyumba zetu zimefunguka mbele na nyuma na mawimbi yanapita humo.

Nondo za dirisha pia ziangalie. Kama vijiti vya antena vimelala na nondo zimelala, zinazuia zaidi. Kama nondo zimesimama hazina neno sana. Iweke antena katikati ya uwazi, isigusane na nondo.

kisiki_cha_mpingo

Mkuu mi napingana kidogo kwenye busta. Mi nipo Mbagala, busta imenisaidia sana, bila busta sioni kitu. Usiwatishe watu.

fundi_wa_uswazi

Mkuu kisiki nakuuliza, antena yako iko wapi na waya una mita ngapi?

kisiki_cha_mpingo

Iko nje kwenye nguzo, waya unazunguka nyumba kama mita 25 hivi mpaka sebuleni.

fundi_wa_uswazi

Basi wewe busta imekaa mahali pake na sina ugomvi nayo. Ngoja nieleze ili watu wasichanganye.

Waya unakula mawimbi. Waya mzuri wa RG6, mita 20 kwenye masafa haya unakula nusu ya nguvu au zaidi kidogo. Ule mwembamba wa RG59 unakula zaidi ya hapo, na ule wa rangi nyeupe mwepesi unaokuja bure na antena wavu wake wa ndani unauhesabu nyuzi kwa macho. Antena yako nje imepata mawimbi SAFI, njiani yanapungua, busta iliyofungwa karibu na antena inayasukuma kabla hayajaliwa. Sawa kabisa.

Chumba cha ndani ni habari nyingine. Antena ipo mita moja na nusu kutoka kwenye king'amuzi, waya haujala kitu. Mawimbi yenyewe yamefika yakiwa yamechanganyika na mwangwi wa kuta na makelele. Busta inakuza vyote, mawimbi na makelele kwa pamoja, uwiano unabaki vile vile na busta yenyewe inaongeza makelele yake kidogo. Utaona mstari wa nguvu unaruka mpaka 95 unafurahi, ubora umebaki pale pale. Na kama upo karibu na mnara ndio kabisa, busta inazidiwa inaharibu hata chaneli zilizokuwepo. Ukiwa na antena yenye busta ndani yake na upo karibu na mnara jaribu kuizima uone.

Kitu kingine hapo hapo. Antena nyingi za ndani zenye busta zinachukua umeme wa volti 5 kutoka kwenye king'amuzi kupitia waya ule ule. Kwenye menyu kuna sehemu ya umeme wa antena, kama imezimwa, antena yako imelala usingizi, na hapo inakamata vibaya kuliko antena isiyo na busta. Washa. Kinyume chake, kama antena yako haina busta na ukawasha umeme huo, baadhi ya ving'amuzi vitaleta ujumbe kwamba antena ina shoti. Zima tu.

juma_wa_chang'ombe

Hapo kwenye shoti umenikumbusha. Watu wafungue ile pini inayoingia nyuma ya king'amuzi waitazame. Waya ukiumenya kuna wavu wa nje wa nyuzi nyembamba sana, uzi mmoja tu ukibaki umejikunja ukagusa ule wa kati wa shaba, kwisha habari, na kwa macho ya haraka hauuoni. Unatakiwa urudishe wavu wote nyuma juu ya ganda, ule mpira mweupe wa ndani uonekane msafi, waya wa kati utokeze kidogo tu kupita mdomo wa pini. Na waya wa kati ukiwa na kutu ya kijani kata hapo umenye upya, usiuparuze kwa kisu uurudishe.

fundi_wa_uswazi

Safi sana mkuu. Huu waya wa mjini ukiwa karibu na bahari kutu inaingia haraka mno.

keja_ya_pipeline

Niaje wakuu, mimi nawafuata kutoka Nairobi, Pipeline. Naishi floo ya kwanza, balkoni inaangalia ukuta wa ploti ingine, ukinyoosha mkono unakaribia kushika kamba ya nguo ya jirani. Niko na dekoda ya chaneli za bure, sitaki kulipa kila mwezi, nataka tu Citizen na NTV na KBC za habari. Saa zingine kundi moja lote linaenda, mengine yanabaki. Keateka, yule msimamizi wa ploti, alisema nilipe nichukue laini ya antena ya ruf, huko juu ya paa. Ni poa ama nijaribu kivyangu?

mzee_wa_embakasi

Boss mimi ni jirani yako huku. Mitambo ya huku kwetu iko Limuru, hiyo ni upande wa kaskazini magharibi, na sisi tuko kusini mashariki ya katikati ya jiji, kwaiyo katikati kuna jiji lote na hizo ploti zote za floo saba nane. Hayo makundi unayoona yakienda ni kwa sababu huku chaneli zinarushwa na kampuni tofauti za kubeba mawimbi, kuna Signet ya KBC, kuna PANG, kuna ADN ya wale wa Citizen, NTV na KTN. Kila moja na masafa yake. Ikienda moja zote zake zinaenda pamoja.

Kuhusu laini ya ruf, kabla ulipe panda uangalie. Uliza antena ni ngapi na imegawanywa kwa keja ngapi. Spilita, kile kifaa cha kugawa waya, ya njia mbili kila upande unapata chini ya nusu, ya njia nne unapata chini ya robo, alafu uongeze waya wa kushuka floo tano. Kama hakuna busta ya ruf kabla ya spilita, wewe wa floo ya kwanza unapata makombo. Kwetu walikuwa wameunganisha spilita juu ya spilita, na zile tundu hazitumiki zimeachwa wazi.

fundi_wa_uswazi

Mzee amemaliza. Mimi niongezee tu kwa mkuu wa Pipeline, ukiamua kujaribu mwenyewe tumia balkoni, weka antena mwisho kabisa wa balkoni upande ambao ukichungulia unaona mwanya kati ya hizo ploti mbili. Mwanya ndio njia. Mawimbi yanatembea humo yakigonga kuta mpaka yanakufikia hata kama mwanya haujaelekea Limuru. Isogeze shubiri kwa shubiri kwenye ukingo wote wa balkoni, alafu uifunge pale pale kwa waya wa kubana ili upepo au nguo zisiisogeze.

dogo_wa_veta

Naomba kuuliza kama inawezekana kutengeneza mwenyewe, bajeti haipo.

fundi_wa_uswazi

Inawezekana na inafanya kazi vizuri tu dogo. Chukua waya wa shaba wa umeme wa nyumba, ule mgumu wa milimita 2.5, kata vipande viwili vya sentimita 13 kila kimoja. Viweke kwenye ubao mkavu vikiwa mstari mmoja, katikati acha nafasi ya sentimita moja visigusane. Waya wa antena wa ohmu 75, ile ya kati unaifunga kwenye kipande kimoja, wavu kwenye kipande cha pili, vizuri ulehemu kwa risasi. Basi, hiyo ni antena.

Ukitaka iwe kali zaidi weka nyuma yake kitu cha chuma kipana, sinia la alumini la kupakulia pilau linatosha, umbali wa kama sentimita 12 kutoka kwenye vijiti, hiyo ni robo ya wimbi. Sinia linarudisha mawimbi ya mbele kwenye vijiti na linakinga mwangwi unaotoka nyuma, ule wa chumbani kwako mwenyewe. Kwenye chumba chenye mwangwi mwingi huo ukingaji ndio unaleta ubora. Usiligusishe na vijiti. Ukilisogeza karibu sana au mbali sana faida inapotea, kwaiyo chukua rula.

mama_wawili

Nimerudi kuleta mrejesho. Nimefupisha masikio nimelaza nimeweka juu kabisa ya dirisha, nikawa naisogeza huku mwanangu anasoma namba, imekubali! Ajabu ni kwamba imekaa vizuri ikiwa imetazama kinyume na nilivyokuwa nadhani, imeelekea ukuta wa jirani upande wa kulia. Mungu akubariki kaka. Lakini kuna kitu, ikifika usiku zile za kundi moja zinaanza kuganda, mchana hazina shida. Ni baridi ya usiku au?

fundi_wa_uswazi

Nimefurahi sana dada. Sio baridi. Usiku mnawasha nini ambacho mchana hakiwashwi? Taa. Taa za LED za bei ya chini na chaja za simu za bei ya chini zinatoa makelele ya masafa, zikiwa karibu na antena zinaingia humo. Usiku chaneli zikiganda zima kitu kimoja kimoja, taa ya sebuleni, ya korido, chaja, ukiangalia mstari wa ubora. Utakapoona namba imepanda hicho ndicho mchawi. Angalia na feni, ya chuma ikizunguka karibu na antena ubora unapanda na kushuka bila kutulia. Waya wa antena nao usiufunge pamoja na waya wa umeme.

mama_wawili

Ni taa! Ile juu ya dirisha kwa nje, nimeizima namba ikapanda pale pale. Nitabadilisha niweke nyingine.

shaba_nyekundu

Wakuu mimi kwetu mvua ikinyesha tivii inakata, hii nayo ni taa?

juma_wa_chang'ombe

Mkuu unatumia dishi au antena? Dishi mvua kubwa inakata kweli, masafa yake ni ya juu sana. Antena ya UHF mvua haiisumbui kiasi hicho. Kama ni antena na inakata kwenye mvua basi maji yanaingia kwenye kiungo cha waya nje, fungua uangalie.

shaba_nyekundu

Antena. Kiungo kipo nje kimefungwa kwa selotepu.

juma_wa_chang'ombe

Ndio hapo. Selotepu haizuii maji. Kata kipande kilicholowa, funga upya kwa ile tepu nyeusi ya mpira ya kujivuta, anza kufunga kutoka chini kwenda juu ili maji yateleze, na waya uache ulegee kidogo chini ya kiungo maji yadondokee hapo yasiufuate ndani.

mpangaji_kkoo

Mkuu fundi mimi nipo Kariakoo, chumba cha katikati ya ghorofa, HAKINA dirisha la nje. Zege kila upande, mlango wa chuma. Nimefuata yote, mstari wa ubora ni sifuri kila kona.

fundi_wa_uswazi

Kwako nakwambia ukweli usitupe hela. Ukuta wa zege lenye nondo pande zote na mlango wa chuma ni boksi, hakuna antena ya ndani itakayokusaidia wala busta, maana hakuna cha kukuza. Antena lazima itoke. Ongea na wapangaji wenzako wenye dirisha la barabarani au ngazi zenye uwazi, omba kuweka antena ndogo pale, ushushe RG6 kupitia juu ya mlango, mita 15 au 20 sio mbali. Hapo sasa busta inaruhusiwa, ifungwe kule kwenye antena sio huku kwako. Mkiwa wawili watatu mnachangia antena moja na spilita moja ya njia mnazohitaji tu, kama mpo wawili nunueni ya njia mbili, sio ya nne eti kuna atakayekuja baadae.

Na naomba sana, anayetoa antena nje asiifunge karibu na nyaya za umeme za barabarani. Kariakoo nyaya zimepita karibu na madirisha, bomba la antena likianguka upande ule linaua. Weka ndani ya nondo za dirisha, fupi, haihitaji bomba.

mpangaji_kkoo

Nimekuelewa mkuu. Kuna dirisha la ngazi floo ya juu yangu, halina kioo. Kesho naongea na mlinzi nipime waya.

fundi_wa_uswazi

Pima na ongeza mita mbili za kona. Na kabla hujanunua waya azima king'amuzi na tivii ndogo, pandisha pale dirishani upime kwanza ubora kwa waya mfupi. Ukikuta kundi baya limefika 60 hivi na halichezi, kanunue.